Ovaroli ya Baba Kwenye Seng'enge

Juzi nilimpigia jirani yangu kelele kwa sababu ya nguo, na najua sasa ananiona mwanamke wa kisirani. Basi na anione. Nilikuwa nikitoka dukani hapa Silibwet nikapita kwake, nikaona ameanika nguo zote kwenye kamba moja: nepi za mtoto, fulana za mtoto, na katikati yake ovaroli ya mume wake, ambaye kazi yake ni kupiga dawa kwenye mashamba ya watu. Mkono wa ovaroli ulikuwa umelalia nepi. Hodi sikupiga. Niliingia, nikaokota kijiti, nikaiangusha ile ovaroli kwenye nyasi. Yule msichana, kwani bado ni msichana tu, akatoka mbio. "Mama, kwani kuna nini? Si nimeifua na sabuni, hata inanukia." Nikamwambia kunukia inanukia, lakini kufuliwa haijafuliwa. Tukazozana pale mpaka mtoto akaamka. Nilifika nyumbani kile kijiti bado kiko mkononi, na si kwa ajili ya huyo msichana. Nilikuwa nimeikumbuka ile siku ya mvua ya mawe.

Nyinyi mliokulia kwenye majani chai mnajua kila kijiji kilikuwa na mtu mmoja mwenye pampu, lile tangi la dawa la kubebwa mgongoni. Kwetu, chini kidogo ya Kiptere, mtu huyo alikuwa baba. Hata kanisani walimwita Pampu. Leo yuko kwenye chai ya mtu akiua magugu, kesho yuko kwenye mahindi yaliyoingiwa na viwavi, siku nyingine anawanyunyizia ng'ombe wa watu dawa ya kupe. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya mto, na mimi, Chebet, mtoto wake wa kwanza, nilimpenda kupita kiasi. Jioni nikimsikia anakuja nilichomoka mbio kwenda kumrukia. Na kila jioni mama alinidaka gauni kabla sijamfikia.

"Wacha baba aoge kwanza."

Baba hakuingia ndani na nguo za kazi. Alizunguka nyuma ya stoo, akavua kila kitu huko, akaoga kwa maji moto aliyowekewa na mama, ndipo akatujia akiwa na suruali nyingine. Zile nguo zilibaki huko huko. Mama alizifua peke yake, kwenye karai lake maalumu, amevaa glavu ndefu za mpira. Maji ya kwanza alizimwagia tu akiwa amesimama mbali, bila kuzishika. Maji ya pili yalikuwa ya moto kabisa, na sabuni nyingi mpaka baba akalalamika kwamba tutaoga na nini. Maji ya tatu moto tena, sabuni tena, halafu ndipo anasuuza. Yale machafu aliyamwaga kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, mbali na mto na mbali na nyasi ya ng'ombe. Hata kamba ya nguo za baba ilikuwa yake peke yake, nyuma ya stoo. Mambo hayo alikuwa ameyajulia kazini. Kabla ya kuolewa alikuwa mfuaji kwenye shamba moja kubwa la chai, ambako wapiga dawa hawakuruhusiwa kwenda na ovaroli zao nyumbani.

Baba alimcheka tu. Yeye imani yake ilikuwa maziwa. Kila alipotoka kupiga dawa alikunywa kikombe kikubwa cha maziwa, akapangusa mdomo, akamwambia mama, "Wewe fua huko nje, mimi nafua ndani." Na si yeye peke yake. Ukimuuliza mtu yeyote pale kijijini, angekuambia maziwa hutoa sumu mwilini, na angekushangaa kwa kuuliza.

Mimi nilielewa vingine kabisa. Kulikuwa na msichana darasani kwetu ambaye wazazi wake walikuwa wameachana, naye alitueleza jinsi ilivyoanza. Ilianza na nguo, akasema. Mama yake alianza kutenga nguo za baba yake, halafu akatenga chakula, halafu siku moja akafunga virago akaenda kwao. Nikaanza kuhesabu ya kwetu. Karai la baba peke yake! Kamba ya baba peke yake! Na hata kutugusa haruhusiwi kabla hajaoga! Nikajua mama anamwonea baba kinyaa, na iko siku nitatoka shule nikute mmoja wao hayupo. Kiprono, ndugu yangu mdogo, alipozaliwa, mama ndiyo akazidi. Baba akimkaribia mtoto, mama alimtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Kanisani nilikuwa nafumba macho nikimwomba Mungu amfanye mama afue nguo zote pamoja.

Sasa ikatokea pampu ya baba ikapasuka mshono akiwa kazini. Tena alikuwa ametia dawa nzito kabla hajaongeza maji, ikamtiririkia mgongoni. Alikuja nyumbani akatapika nyuma ya stoo, maziwa na kila kitu. Mama akaiinua ovaroli kwa mti, akasema hii haifuliki tena, tuichimbie.

"Ovaroli mpya?" baba akamaka. "Uzike ovaroli mpya, wewe mwanamke?"

"Imekunywa dawa. Hata nikiifua mpaka Krismasi haitatoka."

"Fua tu. Ikikushinda useme imekushinda."

Walizozana hadharani, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Mwishowe mama aliimwagia maji ya kwanza, akaitundika kwenye seng'enge kule mwisho wa shamba, isikaribie hata ile kamba ya baba, akasema hapo ndipo itakaa mpaka baba apate akili. Siku zikapita. Kila nilipotoka kwenda shule niliiona pale, mikono yake imening'inia, nikaona ni baba mwenyewe ndiye aliyefukuzwa nyumbani. Nililia njia nzima.

Ndipo Kogo akaja kutoka Siongiroi kumwona mjukuu. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kogo hakungoja kupewa. Alishuka na mizigo yake, akaiweka chini, akashika ufagio. Katika kufagia ndipo akaiona ovaroli.

"Hii nguo ni ya nani imetupwa kwa seng'enge?"

"Ya baba Chebet," mama akamjibu kwa adabu. "Iko na dawa, Kogo. Tafadhali isiguswe."

Kogo akaendelea kufagia. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, nikamsikia akijisemea, "Mtoto wangu hajakufa." Kwao, nguo za mwenye boma hazitolewi nje namna ile ila akishazikwa. Nilifurahi, jameni. Niliona sasa nimepata mtu wa upande wangu.

Jumamosi hiyo mama aliamkia kuchuma chai, na mchana akabeba majani kwenda nayo kituo cha kupimia. Baba alikuwa kwenye mahindi ya mtu. Tulibaki nyumbani na Kogo na Kiprono, aliyekuwa amelala. Mvua ya alasiri upande wetu haiombewi, huja yenyewe, ila ile ya siku hiyo ilikuja na mawe. Lilianza moja juu ya bati, pa, halafu yakaja yote kwa pamoja, tusisikilizane. Kogo alijifunika kichwa akatoka mbio kuokoa nguo. Nepi na blanketi la mtoto zilikuwa kwenye kamba, zilishalowa zote. Alizizoa. Halafu nikamwona anaendelea mbele, anainama chini ya mvua ya mawe, mpaka kwenye seng'enge. Alirudi amekumbatia vyote kifuani, mzigo mmoja.

Kiprono akaamka kwa kelele za bati, amejikojolea, anatetemeka. Nguo zake zote zilikuwa zimelowa, na sanduku la mama Kogo asingelifungua. Kogo aliitazama ile ovaroli. Kwa macho ilikuwa safi. Jua la siku zote zile lilikuwa limeikausha, nacho kilikuwa kitambaa kizuri, cha buluu, kizito hata mvua ikakigusa juu juu tu. Aliisugua kidogo kwa kidole gumba. Halafu akamvua mtoto, akamfunga nayo kuanzia kwapani mpaka miguuni.

"Kuja kwa baba yako," akamwambia. "Mtoto akifunikwa na nguo ya baba yake, anajua boma yake."

Mpaka leo sijui kama ni desturi ya Wakipsigis wote au ni ya Kogo mwenyewe. Ninachojua ni kwamba nilicheka kwa furaha. Ovaroli ya baba ilikuwa imeingia ndani, imemkumbatia Kiprono, na hakuna aliyeikataza. Na sijilaumu, wala nyinyi msinilaumu. Nilikuwa mtoto, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amenieleza kitu zaidi ya usiguse.

Alitulia, akapata joto, akasinzia. Baada ya muda akaanza kutoa udenda. Kogo akasema ni meno. Lakini udenda haukuisha, uliendelea kumwagika mpaka shingoni. Halafu jasho likamtoka kwenye paji la uso, na nje kulikuwa na barafu uani. Niliinama kumchezea nikaona macho yake yamebadilika. Kile cheusi cha katikati kilikuwa kimekuwa kidogo kama mbegu ya sukuma wiki. Nilimwita. Hakunitazama. Alijaribu kulia, na kilio hakikutoka, ilitoka sauti ya maji kooni.

"Kogo, mtoto ana nini?"

"Leta maziwa," Kogo akasema, akimpangusa mtoto udenda. "Chebet, kimbia, leta maziwa!"

Nilikuwa nimeshika kikombe mama alipoingia, amelowa chapachapa, kikapu cha majani bado kiko mgongoni. Aliona mkono wa buluu ukining'inia mapajani mwa Kogo. Hakupiga kelele. Ningependa kuwaambia alipiga kelele, kwa sababu ule ukimya wake ndio ulioniogopesha. Aliachia kikapu kikaanguka, akamfungua mtoto kwa ncha za vidole, akaitupa ovaroli nje kwenye mawe ya mvua, akamweka Kiprono kwenye karai. Maji ya birika, maji baridi, sabuni. Alimsugua nywele, nyuma ya masikio, shingo, kwapa, kila kikunjo cha mapaja. Mtoto alikuwa amelegea mikononi mwake.

"Maji ya kwanza. Chebet, mwaga shimoni, usijimwagie! Lete mengine."

Ndugu yangu alikuwa anafuliwa. Sina neno lingine.

"Unaoga mtoto na anakufa?" Kogo akasimama juu yake na kikombe. "Mpe maziwa kwanza! Maziwa itatoa hiyo kitu!"

"Hawezi kumeza, Kogo. Itampalia."

"Mimi nimelea watoto wewe hujazaliwa!"

Kogo aliinama na kijiko. Mama alimsukuma mkono. Kikombe kikapinduka, maziwa yakatapakaa sakafuni mpaka chini ya kabati. Nyinyi mnajua maziwa ni kitu gani kwenye boma la Mkipsigis. Kumwaga maziwa mbele ya mama mkwe, tena kwa mkono wako, ni heri ungemtukana. Kogo aliyatazama yale maziwa, akamtazama mama.

"Maji ya pili," mama akasema.

Hapo ndipo tukasikia pikipiki. Mvua ilikuwa imemrudisha baba mapema, ameletwa na Ombati, jirani yetu Mkisii wa bodaboda. Baba aliingia uani na pampu mgongoni, maji yakimchuruzika, dawa na mvua pamoja.

"Mke wako anakataa mtoto apewe maziwa!" Kogo akampokea na maneno hayo mlangoni.

Baba alimwona Kiprono. Uso wake ulibadilika, akatupa pampu, akanyoosha mikono kumchukua.

"Usimguse!"

Huo ndio ukelele wa mama niliokuwa naungoja. Baba alisimama mlangoni na mikono imenyooka vilevile. Nadhani ndipo alipoiona ovaroli uani, akajua.

"Tunaenda hospitali," mama akasema. "Ombati, vua hilo koti la mvua, umebebana naye, limeshika dawa. Usizime pikipiki."

Ombati akalivua, lakini akatikisa kichwa. "Mama Chebet, hiyo barabara imekuwa matope na mawe. Bila mtu wa kukaa nyuma akushike, wewe na mtoto mtaanguka. Sikuogopeshi, nakwambia ukweli."

Wa kukaa nyuma alikuwa mmoja tu, na alikuwa amelowa dawa toka kofia mpaka gambuti. Kwenda kuoga nyuma ya stoo, kuchemsha maji, kutafuta suruali, muda huo haukuwepo. Kiprono alikuwa anavuta pumzi, anaacha, tunangoja, anavuta tena.

Baba alimtazama Kogo. Mtu mzima, aliyetahiriwa, mwenye mke na watoto, havui nguo mbele ya mama yake. Kwetu hilo halisemwi hata kwa mzaha. Afadhali ufe.

"Mama," akasema, "geuka."

Kogo aligeuka, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nikaelekezwa ukutani. Nilisikia gambuti zikitupwa, nilisikia mkanda, nilisikia maji yakimwagwa na mama akisema mgongo, mgongo, sugua mgongo. Na mawe ya mvua bado yalikuwa yanaanguka juu ya mtu uchi. Kogo, uso ukiwa umeelekea ndani, akafungua leso yake kiunoni, akaitupa nyuma ampe mwanawe stara.

"Si hiyo!" mama akalia. "Hiyo imeshika mtoto! Chebet, yangu, ile ya sandukuni!"

Nilimpa kinyumenyume. Basi baba yangu, Pampu mwenyewe, alipanda pikipiki akiwa amejifunga leso ya maua mekundu, kifua wazi, amemshika mama kwa nyuma, na mama amemshika Kiprono. Watu waliokuwa wamejikinga mvua barazani mwa maduka walimwona. Walimcheka miaka mingi kwa ajili ya ile leso, na hakuna siku aliyojibu.

Tulibaki wawili. Simu ya baba ilikuwa kwenye suruali uani, imekufa maji, na ya mama ilibaki kikapuni, imelowa nayo. Hatukuwa na njia ya kujua. Kogo aliketi kwenye kigoda, mikono ameitenga na mwili, kama ya mtu mwingine.

"Chebet," akasema, "mama yako anafuaje?"

Nilimwonyesha. Nilikuwa nimeona mara nyingi hata nikajua bila kujua kwamba najua. Maji ya kwanza kwa mbali. Ya pili moto. Alivua gauni lake akavaa la mama, tukalifua lile pamoja na leso, halafu akajifua mikono mpaka mabegani, akarudia, akarudia tena mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alikuwa analia na hakujificha. "Ni mimi," alikuwa akisema. "Ni mimi, si mwingine."

Nilipata nguvu ya kumuuliza lile lililokuwa likinisumbua. "Kogo, mama anamchukia baba?"

"Nani amesema?"

"Anatenga nguo zake. Hata kamba."

Kogo aliacha kusugua. Alinitazama, akatazama maji yaliyokuwa yakifuka mvuke. "Mtu hawezi kuchoma mikono yake na maji moto kila siku juu ya mtu anachukia," akasema. Halafu akaniambia niongeze sabuni.

Jumapili hakwenda kanisani, na kwa Kogo hilo lilikuwa jambo kubwa. Alikataa kula. Kila pikipiki iliyopita barabarani alisimama, ikipita akaketi. Mchana huo pikipiki moja ikakata kona, ikapanda kuja kwetu, na kabla haijafika tulimsikia Kiprono. Alikuwa analia kwa njaa, kwa hasira, kwa sauti ya baba yake kabisa. Mimi nilikimbia mpaka nikaanguka. Mama alishuka akiwa amechakaa, macho mekundu, mtoto amefungwa kwenye shuka la hospitali la kuazima, mkononi ana bandeji ya sindano. Baba alikuwa bado na leso.

Kogo hakuja kuwapokea. Alisimama katikati ya uwanja, akakunja mikono ya lile gauni la mama mpaka juu ya viwiko, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, viganja juu, vile tulivyokuwa tukimwonyesha mwalimu kucha asubuhi. Baba aliangalia chini. Niliogopa mama atampita tu, aingie ndani na mtoto, na kama angempita hakuna ambaye angemlaumu.

Mama alimkaribia. Akainama, akainusa mikono ya mama mkwe wake, wa kulia, halafu wa kushoto. Kisha akamweka Kiprono juu ya mikono hiyo.